Gari Lililokuwa Linaaga

Vijana wangu mnaosoma ugonjwa wa gari kwa mashine na simu, nawaandikia mimi Buchumi, fundi umeme wa magari niliyestaafu, ingawa hakuna aliyenipa barua ya kustaafu. Siku moja niliweka testa yangu kwenye kopo, nikalifunika, nikaja kulima maharage huku Kitahana. Wengine wenu bado mnanifuata shambani kuniuliza kwa nini alamu ya fulani inalia bila kuguswa. Nawajibu ninachojua. Mkishaondoka nabaki nimeegemea jembe nikiwaza gari moja tu, na mtu mmoja wa Kakonko. Nimewaza sana na bado sijaelewa, kwa hiyo msitegemee nimalize kwa jibu.

Nianze na kilicho rahisi. Magari tuliyokulia nayo sisi yalikuwa na adabu. Kila waya ulikuwa na kazi yake moja. Ukitaka kufunga alamu, unatafuta waya wa betri, wa swichi, wa taa za indiketa, wa mlango, na mahali pazuri pa kufunga hasi kwenye bodi. Unashika testa yenye kibalbu, unachoma waya, kibalbu kinawaka au hakiwaki. Kinachowaka unakijua, kisichowaka unakiacha. Nusu siku, kazi imekwisha, mteja anazunguka gari lake akibonyeza rimoti kama mtoto aliyepewa filimbi.

Aliyenifundisha hayo alikuwa Mkongo, Papa Mulamba, aliyefika Kasulu kwa mambo ya vita akafungua gereji ya bati sokoni. Mzee mfupi, mkali, mwenye shati jeupe ambalo sikuwahi kuliona na doa la oili, na mpaka leo sijui alifanyaje. Yeye waya aliziita ndugu.

“Fil yote iko na famille,” alikuwa akisema. “Ya betri ni papa: hatokake kwa nyumba, muchana na usiku iko palepale. Ya swichi ni mama: akiamuka, bote banaamuka. Ya mulango ni mugeni, anagongaka. Na masse ni udongo, bote banarudiaka kwake.”

Fil ni waya, famille ni ukoo, na masse ndiyo hasi, hilo mnalijua. Kwa somo hilo niliishi miaka yote. Nilikuwa nikiingiza kichwa chini ya dashibodi ya mtu, naanza kuuliza: baba yuko wapi, mama yuko wapi, mgeni anagonga wapi. Wateja walidhani naomba dua. Papa Mulamba alinifundisha pia kufunga maungio kwa vipande vya tyubu ya baiskeli badala ya selotepu, kwa sababu mvua za huku na baridi yetu huifanya selotepu ibanduke kabla ya mavuno. Hilo shikeni, halijapitwa na wakati.

Lakini alinifundisha jambo jingine, na hilo ndilo limenileta kwenye karatasi. Alisema: “Muteja akikuuliza, na haujue, usimwambie kama haujue. Umwambie dakika tano. Ukisema haujue, anaenda kwa fundi ingine. Ukisema dakika tano, anakaa.”

Nikalipokea kama sheria. Gereji yetu nzima ikalipokea, na mafundi waliotoka hapo wakalipeleka Kibondo, Kakonko, mpaka Muyama. Ninyi wenyewe mnalisema bila kujua limetoka wapi. Kuna mfanyabiashara mmoja wa Kasulu ambaye alamu yake ilikuwa ikilia kila alfajiri, na mimi wiki mbili nzima nilimwambia dakika tano. Nilibadilisha king'ora, nikabadilisha kihisi cha mtikisiko, nikabadilisha mahali pa kufunga hasi. Mwishowe mke wake alitoka kupiga mswaki akamkuta mbuzi wa jirani anajikuna pembe kwenye bampa. Tulicheka sana, nikalipwa soda. Hakuna aliyeumia na dakika tano zangu, na ndiyo maana sikujifunza kitu.

Sasa nije kwa daktari. Aliletwa Kibondo na serikali kutoka Tanga, mwanamke wa makamo, Dokta Mwanahamisi, mpole wa maneno, asiyepita mtu bila shikamoo hata kama amechelewa. Kazi yake ilikuwa ya kulaza watu usingizi kabla ya kupasuliwa. Watu walimwita mtu wa usingizi, na kwa kuwa watu wa kazi hiyo ni wachache, aliitwa pia Kakonko mara kwa mara, akienda na kurudi. Alinunua gari dogo, jipya kwa macho yetu, lililotoka Japani moja kwa moja. Ufunguo wake hauchomekwi popote. Unakaa nao mfukoni, unakanyaga breki, unabonyeza kitufe, gari linawaka. Wiki ya kwanza tu wezi walimng'olea vioo vya pembeni. Akaja kwangu, wakati huo nina gereji yangu hapo Kibondo, anataka alamu.

“Shikamoo, mzee wangu. Gari la namna hii umewahi kulifunga?”

“Marahaba, dokta. Gari ni gari.”

Mnaona? Hakuuliza kama gari ni gari. Aliuliza kama nimewahi. Sikuwahi.

Nikaingiza kichwa chini ya dashibodi, nikaanza kuwaita ndugu. Baba nikampata. Mama nikamkuta amejificha nyuma ya kisanduku cha fyuzi. Mgeni sikumwona kabisa. Nilifungua mlango na kuufunga mara ishirini, hakuna waya uliobadilika. Kulikuwa na waya mbili nyembamba zimesokotwa pamoja kama uzi wa shanga, zinapita kila mahali na hazina kazi moja. Nikachoma mmoja kwa testa yangu. Kibalbu hakikuwaka wala hakikuzimika, kikawa kinatetemeka. Papo hapo taa zote za dashibodi zikawaka pamoja, nyekundu na njano, na usukani ukawa mgumu.

Nilichanganyikiwa, nawaambia kweli. Nikachomoa betri, nikakaa juu ya tairi nikinywa chai ambayo sikuisikia ladha. Nilipoirudisha betri taa zikazimika zenyewe, na sikujua kwa nini ziliwaka wala kwa nini zimezimika. Dokta alipopiga simu kuuliza imefikia wapi, nilimwambia dakika tano.

Leo najua kwamba waya zile zilikuwa zinabeba mazungumzo ya gari zima, mlango, taa na injini kwa pamoja, na kibalbu changu kilikuwa kinaingilia maneno yao. Kwa hiyo kijana, magari haya usiyapime kwa testa ya kibalbu. Tumia mita ya namba, isiyonyonya umeme. Mimi nilizunguka: nikamkamata mgeni kwenye taa ya ndani ya paa, ile inayowaka mlango ukifunguliwa. Ikaleta kituko chake, kwa sababu taa ya magari haya haizimiki palepale, inafifia polepole, na alamu ikawa inadhani mlango uko wazi. Dokta akifunga gari, linalia. Siku tatu mtaa wake ulikuwa unanisema. Nikabadilisha mpangilio wa alamu isubiri nusu dakika kabla ya kuanza ulinzi, ikatulia. Nikaweka na rilei ya kukata umeme wa kuwasha, ili mwizi hata akiingia asiondoke nalo. Milango nayo nikaiunganisha, ikawa inafunguka kwa rimoti yangu mpya. Dokta akafurahi. Ule ufunguo wa Kijapani akautupa ndani ya mkoba wake, akawa anabonyeza rimoti yangu tu.

Hapo kuna jambo ambalo sikuliona, na nitalirudia.

Gari lile lilikuwa linasema Kijapani. Ukiliwasha asubuhi, sauti ya mwanamke inatoka kwenye redio, tamu, ndefu, halafu inanyamaza. Na ukilizima, kwenye kioo kidogo cha dashibodi panatokea mstari wa maandishi yao, unakaa kidogo unapotea. Mstari huo ulianza siku chache baada ya kufunga alamu. Dokta aliniita akanionyesha.

“Fundi, haya maandishi hayakuwepo. Ni alamu yako?”

Nilitazama. Sikujua hata herufi inaanzia upande gani. Lakini ninyi mnatujua Waha tulivyo. Mtu akija kwetu hasemi shida yake mlangoni. Mtapiga makofi taratibu, mtainama, mtaulizana wazima wa nyumbani, watoto, ng'ombe, mvua, mpaka wageni kutoka pwani waanze kutazama saa. Na kuaga ni vilevile, mtu anaaga mara nne kabla hajatoka. Mimi kwa akili yangu ya kwetu nikaona ni sawa kabisa: gari linalosalimia kwa mdomo asubuhi, jioni litaaga kwa maandishi.

“Linaaga tu, dokta,” nikamwambia. “Wajapani wana heshima.”

Akacheka, mimi nikacheka. Na si kwamba nilikuwa namdanganya. Niliamini. Kwa wiki tatu kila nilipopita pale nikaona lile andiko, nililijibu moyoni, haya, tutaonana.

Siku yenyewe ilikuwa saa tisa alasiri, mawingu yameshakaa. Dokta alinipigia, sauti imebadilika. Gari haliwaki. Nikapanda baiskeli mpaka kwake. Nikamkuta amesimama na begi lake la kazi, amevaa viatu vya kazini.

“Kuna mtu Kakonko, mzee wangu. Mfyatua matofali, ameangukiwa na ukuta wa udongo machimboni. Mguu umesagika. Daktari wa upasuaji yupo, vifaa vipo, wananisubiri mimi tu.”

Nikabonyeza rimoti yangu, milango ikafunguka bila kelele. Nikamwambia abonyeze kitufe. Kitufe kikakaa kimya. Kioo kidogo kikaandika mstari, mrefu kuliko wa kila siku, ukapotea. Nikajua mara moja ni rilei yangu. Nani mwingine angekuwa amekata umeme wa kuwasha, kama si mimi niliyeweka kifaa cha kuukata?

Akaniuliza, na swali lake nalikumbuka neno kwa neno. “Fundi, niambie ukweli. Litawaka au haliwaki? Ukiniambia haliwaki, napanda pikipiki sasa hivi.”

Vijana, pikipiki zilikuwa tatu pale kwenye kona, waendeshaji wanatutazama. Nilichotakiwa kusema ni neno moja. Nilikuwa na mvi kichwani, nina jina Kibondo na Kasulu, na sikulisema.

“Dakika tano, dokta.”

Akaweka begi chini.

Nikatoa rilei, nikaunga waya moja kwa moja kama gari halijawahi kuwa na alamu. Bado. Nikachomoa alamu nzima. Bado. Nikafungua kifuniko cha chini, nikafungua cha pembeni, nikapima fyuzi moja moja, nikachomoa betri kama mara ile. Bado. Baba yupo, mama haamki, na sijui kwa nini haamki. Kila aliposogea kuniuliza nilisema karibu, karibu. Mvua ikaanza. Nilipotoa kichwa kutazama saa ya simu, dakika arobaini zilikuwa zimepita, na dokta alikuwa ameshafunga begi kwa mfuko wa nailoni na kupanda pikipiki. Aliniangalia, akafunga kofia, wakaondoka kwenye tope.

Nilibaki nimekaa kwenye kiti cha gari lile, waya zimemwagika miguuni. Niliona aibu ambayo sikujua mtu mzima anaweza kuiona.

Alirudi kesho yake kabla ya adhuhuri, macho mekundu. Mimi nilikuwa pale tangu asubuhi, bado napima kilekile nilichopima jana. Nikamuuliza habari za mgonjwa.

“Yu hai,” akasema. “Mguu wamemkata juu ya goti.”

Kisha akaingia garini bila kuniomba nitoke, akakanyaga breki, akabonyeza kitufe. Kile kioo kikaandika mstari wake. Safari hii akauwahi kwa simu, akaupiga picha, na ile simu ikaugeuza kwa Kiswahili kibovu lakini cha kueleweka. Akanisomea kwa sauti: “Ufunguo hauonekani. Gusisha ufunguo kwenye kitufe.”

Akachimba mkoba, akatoa ule ufunguo wa Kijapani, akaugusisha kwenye kitufe na kubonyeza. Gari likawaka, pamoja na matumbo yake yote nje. Yule mwanamke wa redio akasema salamu zake ndefu. Dokta akazima. Ule mstari wa kila siku ukatokea, wa wiki tatu, niliokuwa nikiujibu moyoni. Akaupiga picha nao.

“Betri ya ufunguo inakaribia kuisha. Badilisha.”

Kibetri kidogo cha mviringo, kama kifungo cha koti, kinachouzwa dukani pamoja na biskuti. Na sasa narudi kwenye lile ambalo sikuliona. Kama nisingefunga alamu, ule ufunguo ungeanza kukataa kufungua milango mapema, na dokta angejua unakufa. Rimoti yangu ilikuwa inamfungulia vizuri kila siku, kwa hiyo hakuna aliyejua isipokuwa gari, na gari lilisema. Alamu yangu haikuwa na kosa, waya zangu hazikuwa na kosa, na bado mimi ndiye niliyemfungia njia. Mnaweza kunifafanulia hilo? Mimi nimelilima shamba zima nikilifikiri.

Nikamuuliza swali nililokuja nalo. “Dokta, zile dakika arobaini. Ungewahi, ule mguu ungepona?”

Nilitegemea anikemee au anifariji. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikuwa anauzungusha ufunguo mkononi.

“Sijui, mzee wangu,” akasema. “Udongo ulikuwa mwingi, na alikaa chini yake muda. Huenda ungekatwa tu. Huenda usingekatwa. Sijui.”

Mwanamke huyo amesoma miaka mingi kuliko umri wa gereji yangu. Watu wanamwachia pumzi zao mkononi. Alisema sijui kama mtu anavyotaja saa. Akaongeza, bila ukali: “Mimi nisipojua dawa itamfanya nini mtu, huwa nasema. Mtu akifa kwa dakika tano zangu, nitamwamsha na nini?”

Nilirudisha kila waya mahali pake, alamu nikaifunga upya, kibetri nikanunua. Ilikuwa kazi yangu ya mwisho.

Baada ya msimu wa mvua kuisha nilipanda basi kwenda Kakonko kumtafuta yule mfyatua matofali. Anaitwa Yeremia. Nilimkuta kwake, amekaa kwenye kigoda anasokota kamba za katani, kazi aliyojifunza baada ya mguu. Nilikuwa nimepanga kusema jambo langu pale pale mlangoni, kabla sijaishiwa nguvu. Yeye aliponiona mzee wa mvi naingia uani, akavuta mkongojo, akasimama kwa shida. Akaufikiria kidogo ule mkongojo, kwa sababu haukumwachia mikono. Basi akauegemeza ukutani, akaegemea ukuta kwa bega, akaanza kunipigia makofi ya salamu, taratibu, kama inavyotakiwa.

“Mwidiwe, mzee. Mwidiwe.”

Nikamwitikia. Akaniuliza wa nyumbani, nikamjibu. Akauliza wajukuu, shamba, maharage, njia niliyokuja nayo. Sikumkatiza hata neno moja. Nilisimama pale nikamsikiliza mpaka mwisho, na safari hii nilisikiliza kweli.

Tulipokaa nikamwambia yote, alamu, maandishi, dakika tano. Akaivuta kamba yake, akaikaza.

“Kwa hiyo ni wewe,” akasema.

“Ni mimi.”

“Ungeniokolea mguu kama ungewahi kusema ukweli?”

Vijana wangu, nilifungua mdomo, na lile neno la Papa Mulamba likaja lenyewe mpaka kwenye meno, kwa mazoea ya miaka yote. Nikalimeza.

“Sijui, Yeremia,” nikamwambia.

Akaniangalia, halafu akanisogezea upande mmoja wa kamba nimshikie.